Wifi msomaji, mdogo mwandishi, mzee mwenye macho machovu: niwanunulie nini sikukuu hii?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Niko Morogoro. Kila Krismasi kuna watu watatu ambao zawadi zangu kwao huishia kabatini. Wifi yangu wa Tanga ni msomaji wa riwaya, hasa za Zanzibar. *Vuta N'kuvute* ameirudia mpaka jalada limeachia. Mdogo wangu wa kiume ni mwalimu wa sekondari Tabora, ana watoto watatu, na usiku anaandika riwaya kwenye simu. Baba yetu ni mstaafu wa reli, tunaishi naye hapa. Zamani kitabu kilikuwa hakimtoki mkononi, sasa anasema macho yamechoka. Mwaka jana niligawa vikombe vyenye picha za vitabu, na mdogo wangu nikampa daftari la jalada la ngozi. Hadi leo hajaliandika hata mstari. Nina laki mbili kwa wote watatu. Nifanyeje?

JIBU: Njema, dada yangu, na asante kwa kunieleza kila mmoja wao kinaganaga. Swali likija hivi, nusu ya jibu limo ndani yake.

Laki mbili inatosha. Kilichokukwamisha si fedha. Ulikuwa ukinunua vitu vya kutangaza kwamba fulani anapenda vitabu, na mwenyewe analijua hilo zamani. Nimeuza vitabu, kisha nikaingia kwenye uhariri, na kote huko nimeona zawadi inayopokewa kwa furaha ya kweli ni ile inayoondoa kilichomzuia mtu kusoma au kuandika. Wifi yako amezuiwa na umbali wa maduka yenye riwaya. Mdogo wako hana muda wala mtu wa kumsoma. Mzee haoni vizuri. Hayo ndiyo ya kushughulikia.

Nianze na wifi. Watu wengi huogopa kumnunulia msomaji kitabu wakidhani atakuwa nacho tayari, basi wanakimbilia kikombe. Hofu hiyo ina dawa. Mpigie simu mtoto wake au yeyote aliye pale nyumbani, umwombe apige picha rafu ya vitabu, kwa karibu, migongo isomeke. Ukiipata picha, utaona asivyo navyo, ila kubwa zaidi angalia vilivyochakaa. Kitabu kipya kabisa kwenye rafu ya msomaji mara nyingi alipewa. Kilicholegea kwenye gundi ndicho alichokipenda.

Wewe tayari unajua kimojawapo. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ilitoka 1999, na anayeirudia anaweza kuwa anafuata vitu viwili tofauti. Kuna Yasmini, msichana aliyeozwa kwa mume mzee asiyemtaka, akaondoka, jamaa zake wakamtenga, akampenda Denge. Na kuna Denge mwenyewe na wenzake, harakati za siasa za Unguja wakati wa mkoloni, makaratasi ya siri na polisi wanaowawinda. Siku mnapoongea mambo mengine kwenye simu, mchomekee swali: "Wifi, katika kile kitabu ulikuwa upande wa nani hasa?" Akikuelezea Yasmini, mtafutie *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, ambamo Maimuna anafungiwa ndani na baba mwenye cheo na jina mjini, mpaka siku anatoka na dunia inampokea kwa ukali. Akikuelezea Denge, mpe *Kuli*, ya Adam Shafi huyo huyo, iliyotoka 1979, kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Majibu hayo mawili yanaelekea kwenye vitabu viwili visivyofanana hata kidogo, ndiyo maana kuambiwa tu kwamba "anapenda riwaya za Zanzibar" hakumsaidii sana muuza duka.

Mimi binafsi, kama rafu haina *Peponi*, ningempa hiyo bila kuuliza swali lolote. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, lakini vitabu vyake aliviandika kwa Kiingereza, na wasomaji wetu wengi walimsikia kwenye taarifa ya habari kabla ya kuusoma ukurasa wake mmoja. *Paradise*, aliyoitoa 1994, ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa kwao na mfanyabiashara tajiri anayemwita mjomba, kumbe baba yake ameshindwa kulipa deni na mtoto ndiye rehani. Safari ya msafara kwenda bara, mwambao wakati Wajerumani wanaingia, yote hayo sasa yanasomeka kwa lugha ambayo wahusika wenyewe wangeongea. Mtu wa Tanga aliyezoea riwaya za Unguja ataingia humo kama nyumbani.

Sasa ukifika dukani, usinunue kwa kuangalia jalada. Nakala za wizi zimejaa, hasa za vitabu vinavyosomwa shuleni, na riwaya nyingi nzuri za Kiswahili zimo katika kundi hilo. Shika kitabu, kifungue katikati, tazama herufi kwa karibu. Zikiwa zimevimba kidogo na kingo zake hazikukatika vizuri, hiyo ni kopi ya kopi. Angalia picha ya jalada kama rangi zake zimefifia au zimekolea kupita kiasi, na maandishi ya mgongoni kama yameteleza upande mmoja. Halafu pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa mkunjo, kwa hiyo kosa la kiwandani huja kwa mafungu: unatoka ukurasa wa 96 unaangukia wa 113, au kurasa hizo 16 zinajirudia mara mbili. Hata nakala halali inaweza kuwa na ila hiyo. Ni kazi ya dakika mbili, na inamwokoa wifi asije akafika kwenye kilele cha kisa akakuta hakipo.

Bei ya chini isikushawishi kuchukua ya wizi. Mwandishi hulipwa mrabaha, ambao kwa kawaida huwa karibu asilimia 10, kutokana na kila nakala halali inayouzwa. Nakala ya wizi haimpi hata senti, na wewe una ndugu anayetaka kuwa mwandishi.

Usiandike chochote ndani ya kitabu kabla hujahakikisha kwamba hakuwa nacho tayari. Tia risiti ndani, na maneno yako yaandike kwenye karatasi pembeni. Duka halitabadilisha kitabu kilichokwisha andikwa "Kwa wifi yangu mpendwa". Akikuthibitishia kwamba hakuwa nacho, siku mkionana utamwandikia ukurasa wa kwanza kwa mkono wako: jina, mahali, tarehe. Hapo kitabu kinakuwa chake kweli.

Sasa mdogo wako. Huyu ndiye ningemtengea sehemu kubwa ya fedha, na nitakaa kwake kwa sababu waandishi chipukizi ndio wanaopewa zawadi zisizowafaa kuliko watu wote. Daftari la ngozi halikumchukiza. Linamtisha. Mtu anayeandika rasimu anahitaji mahali pa kukosea, kufuta, kuchora mishale na kuandika upuuzi wa saa tano usiku, na daftari la bei kali linamwambia asithubutu. Kaunta buku ya kurasa 192 kutoka duka lolote la vifaa vya shule haimwambii hivyo. Mnunulie mbili, na pakiti ya peni za kawaida. Kalamu ya wino ya kifahari iache, kwa kuwa kwenye karatasi nyepesi wino wake hutapakaa na kutokea upande wa pili.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Anaandika riwaya kwenye simu, maana yake hajawahi kuiona. Kioo cha simu kinamwonyesha aya moja au mbili kwa wakati. Hawezi kuona kwamba sura ya tatu ni ndefu mara mbili ya nyingine, au kwamba mhusika aliyefunga safari asubuhi bado yuko nyumbani jioni. Basi mtolee nakala ya karatasi. Mwombe faili waziwazi, usilivizie kwa mkewe; mswada ambao haujakamilika ni siri ya mtu, na wengine hawasamehe mswada wao ukisomwa bila ruhusa. Akikutumia, nenda steshenari ya karibu, waambie: karatasi ya A4, upande mmoja tu, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, ukingo mpana kulia, kisha wabane kwa spairo. Kwa mpangilio huo ukurasa unabeba maneno kama 250, kwa hiyo riwaya ya maneno 40,000 itatoka kurasa 160 hivi. Ukingo mpana na upande ule mweupe wa nyuma ndipo atakapofanyia kazi. Wakati huo huo waambie wakuwekee faili kwenye flashi, uiambatishe. Simu ikidondoka majini au ikiibwa stendi, miaka ya usiku wake inapotea nayo.

Cha pili ni msomaji wa kulipwa. Rafiki atamwambia "nzuri sana", mke atamwambia "mbona hulali". Mhariri mzoefu anaweza kusoma sura tatu za mwanzo na kumwandikia ripoti ya kurasa chache: kisa kinaanzia wapi hasa, wapi kinalegea, mhusika gani hana kazi, mazungumzo yapi yanasikika kama hotuba. Sitaji bei kwa sababu kila mhariri ana yake, ila kwa sura tatu utaimudu, wakati kwa mswada mzima ingekumalizia bajeti. Omba ripoti, usiombe kusahihishiwa herufi. Kurekebisha nukta na mikato ya sura ambayo huenda ikafutwa yote ni kutupa pesa. Na usilipe kabla yeye hajakubali. Mwandikie barua fupi ndani ya bahasha: "Siku ukiwa tayari kusomwa, gharama ya sura tatu iko juu yangu." Hana haraka, na wewe huna.

Kuna zawadi ya tatu ambayo haina bei dukani. Yeye ni mwalimu. Shule zikifunga Desemba, naye yuko likizo. Lakini watoto wake pia wako likizo, nyumbani, siku nzima. Waalike kwako Morogoro kwa wiki moja, waje wakae na babu yao. Wiki moja ya asubuhi tulivu kwa mtu aliyezoea kuandika baada ya wote kulala inaweza kumpa sura nzima, na mkewe atapumzika. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua kimoja tu kati ya hivi vyote, ningechagua hiki, tena ningewaambia mapema ili ajipange nini cha kuandika.

Kama fedha itabaki, mwongezee kamusi, ila uulize anayo ipi. Walimu wengi wanayo *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA iliyotoka 2015. Wachache wanayo *Kamusi ya Visawe* ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, ya 1998. Kwa mwandishi wa riwaya hii ndiyo yenye msaada wa kila usiku, kwa sababu shida yake haiwi kutojua maana ya neno. Anajua maana, ila neno amelitumia mara nne kwenye ukurasa mmoja na la tano halimjii.

Nawe usiingie kwenye mtego wa kumchapishia kitabu kama zawadi ya kushtukiza. Naona ndugu wenye upendo wakichangishana, wanalipa kiwanda kitoe nakala mia tano za mswada ambao hakuna mhariri aliyeugusa, kisha maboksi yanakaa chini ya kitanda na mwandishi anaona aibu hata kuandika cha pili. Mlango mzuri zaidi upo. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa pamoja na vitabu vilivyotoka karibuni; *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, ambayo bila shaka wifi yako atakuwa ameisikia, ilipitia huko. Kwetu Tanzania ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wake wa kwanza walitangazwa 2023. Tarehe za kupokea kazi hutangazwa kila msimu. Ile nakala ya spairo ikisharekebishwa, ndiyo njia ya kufika huko. Mwambie tu kwamba tuzo hizo zipo, halafu mwache. Asihisi kwamba familia nzima inamsubiri ashinde.

Kwa mzee, tafadhali usianze na kitabu. Anzia kwa daktari wa macho. Mtu akishavuka miaka arobaini, jicho huanza kushindwa kuona vya karibu, na miwani sahihi inamrudishia maandishi kama zamani. Lakini kwa umri wa mstaafu huenda kuna mtoto wa jicho au presha ya macho, na hayo miwani ya kuokota barabarani haiyatibu. Yatamfanya aamini kwamba muda wake wa kusoma umekwisha wakati haujaisha. Mpeleke akapimwe wiki hizi kabla ya sikukuu, usisubiri Januari. Kisha mwekee taa ya kuchaji yenye shingo inayopinda, ambayo umeme ukikatika inaendelea kuwaka. Mwanga uwe mweupe wa kutosha, utoke nyuma ya bega na uangukie ukurasa, usimpige usoni. Wazee wengi wanaosema macho yamechoka wanasoma chini ya balbu moja iliyo katikati ya dari, na kivuli cha kichwa chao wenyewe kinaangukia kitabu.

Hapo ndipo kitabu kinafuata, na kiwe cha vipande vifupi, kwa sababu jicho linalorudi kazini linachoka haraka. Ningemchagulia *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*, zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ni barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa zaidi ya robo karne: kazi, uhamisho, fedha zisizotosha, watoto, vitabu vyake na wachapishaji. Mtu aliyefanya kazi wakati wa barua na stempu atazitambua shida hizo moja moja. Barua moja baada ya chai ya asubuhi inatosha. Akizimaliza, au ukizikosa madukani, *Wasifu wa Siti binti Saad*, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, pia wa Shaaban Robert, ni mwembamba na utamkumbusha santuri za ujana wake. Siku ambazo macho yatagoma kabisa, wale wajukuu wa Tabora wakiwa hapo likizo wamsomee kwa sauti. Atawasahihisha matamshi, na nadhani atalifurahia hilo kuliko kusoma mwenyewe.

Kwa mgawanyo, ningeweka kama elfu hamsini kwa wifi, elfu tisini kwa mdogo wako, na elfu sitini kwa mzee, nikijua kwamba miwani ikihitajika inaweza kuvuka hapo. Ikivuka, punguza kamusi. Ripoti ya mhariri inaweza kulipwa hata Machi.

Vitabu vyenyewe, Morogoro mjini utapata baadhi, ila usishangae duka likiwa na vya kiada tu. Siku hizi kwa treni ya SGR unaweza kwenda Dar asubuhi na kurudi jioni. Pitia duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora, au mkahawa wa vitabu wa Soma kule Mikocheni, na kwa machapisho ya Chuo Kikuu uliza pale TATAKI, taasisi yao ya Kiswahili, Mlimani. Piga simu kabla ya kufunga safari, kwa sababu riwaya za Kiswahili huchapwa kwa awamu na kichwa kinaweza kukosekana miezi. Nenda kabla ya katikati ya Desemba. Baadaye wazazi wanaingia na orodha za shule za Januari, na hutapata muuzaji wa kukusikiliza habari za Yasmini na Denge.

Mzigo wa Tanga na wa Tabora utume kwa basi. Vitabu visicheze ndani ya boksi, jaza magazeti pembeni ili kona zisivunjike, na kwa Tabora funga kwanza kwa nailoni kwa sababu Desemba ni mvua huko. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za boksi kwa kalamu isiyofutika, chukua risiti ya mzigo, na mtumie mdogo wako picha ya risiti hiyo pamoja na namba ya basi siku hiyo hiyo. Na ratiba ya watoto kuja Morogoro ipange kwa simu, usiiache iwe ya kushtukiza.